Jumamosi Moja kwa Mwezi

Jumatano, Ngenge. Mvua imeshika tangu asubuhi, shamba halilimiki, ndiyo maana nimekaa na simu hii. Nina darasa la nne tu. Anayetafuta makosa ayatafute kwake.

Nimemkumbuka Koku mpaka mwili unauma.

Ana miaka saba. Ni mtoto wa mwanangu Deus, ambaye tulimzika hapa nyuma ya nyumba. Nimemlea tangu alipoachishwa kunyonya. Mwaka jana mama yake, Adventina, akaolewa Bukoba, Kahororo, akamchukua. Kuolewa sikatai, bado ni kijana. Lakini kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba, na mimi nilidhani hilo halina mjadala.

Jana nilikwenda mjini kwa afisa ustawi wa jamii, na Adventina akaitwa. Nikamwambia mbele ya watu: umepata mume, niachie mtoto. Yule afisa, binti mdogo kuliko marehemu mwanangu, akanikatiza.

“Ma Justa, sheria haianzi na ukoo. Inaanza na mtoto, atakaa vizuri wapi.”

Akanieleza kwamba bibi naye anaweza kuomba mahakamani, kumlea mjukuu au kumtembelea. Ila kumtoa kwa mama aliye hai na anayemtunza, hapo nisijidanganye. Adventina, macho chini, akasema niwe nakwenda kwake Jumamosi moja kila mwezi.

Kwake. Niingie nyumba ya mwanaume mwingine, nipewe buni za kutafuna, kama tunavyompa mgeni, ndipo niione damu yangu? Nikasema bora mahakama.

Afisa akasema sawa, na Koku mwenyewe huenda akaulizwa anataka kukaa na nani.

Nilitoka pale nacheka peke yangu. Atanitaja mimi, najua.

Leo nikimenya ndizi, kicheko kimekatika. Nimekumbuka siku moja kabla Koku hajachukuliwa, tulikuwa tunamenya wote, nikamtania: ukiambiwa uchague, mimi au mama? Akaweka kisu chini. Siku hiyo hakugusa chakula, na kesho yake nilianika godoro, mtoto ambaye alishaacha kukojoa kitandani siku nyingi.

Ni mimi niliyemuuliza. Bibi yake. Kwa utani.

Sasa hakimu amuulize kweli?

Mchana nimempigia Adventina. Sikumsalimia vizuri, sijui kujifanya. Nimemwambia Jumamosi nakuja. Akasema, “Karibu, mama. Koku anauliza kila siku kama umemkasirikia.”

Mimi? Yeye?

Miezi yote hii napigania haki yangu, na mtoto anafikiri nimemnunia kwa sababu aliondoka.

Hilo nitamjibu mwenyewe, uso kwa uso. Nitapiga hodi kwenye mlango wa yule mwanaume, nitakaa watakaponionyesha, na sitamsema mtu.

Justa, hata kwa saa moja tu, utauweza mdomo wako?