Samli Ninayomfichia Mume Wangu

Mshauri wangu, Dada Mehmuda, naomba unisaidie, huku Oslo sina wa kumwambia. Mume wangu, Baba Zunaira, ni dereva wa teksi, ana kisukari, na mwaka jana daktari alimtisha kweli, basi akaacha sukari, akaacha samli, akawa anazunguka ziwa kwa miguu hata kwenye theluji, akapungua mpaka akanunua suruali mpya, nikawa namsikia akiimba bafuni. Tukaenda harusini, na wifi yangu Shagufta akanishika mkono mbele ya wanawake wote: "Haya wewe, kaka yangu unamlisha nini, upepo? Alikuwa na mashavu, sasa kabaki shingo!" Wakacheka, nami nikacheka, ila moyo uliniuma. Halafu wakaja watu kumposa binti yetu Zunaira, chai wakanywa, na mama wa kijana akaninong'oneza, "Samahani dada, huyu baba anaumwa nini? Sema tu, ni mapafu?" Hawakurudi.

Tangu siku hiyo namtilia samli kwenye dengu, na chapati zake za unga usiokobolewa nachanganya unga mweupe bila yeye kujua. Mashavu yamerudi, watu wanasema mashallah, na sukari imepanda. Juzi aliingia ametota, akavua viatu, akasema, "Mama Zunaira, natembea, sili tamu, bado inapanda. Basi ndivyo nilivyoumbwa." Alhamisi daktari anamwanzishia sindano za insulini. Najuta, Dada, najuta sana, lakini nikisema ataniona muuaji. Ninyamaze, niache samli polepole?

Mama Zunaira

Mama Zunaira, nimekusoma nikakasirika, kisha nikakuhurumia, maana hilo la "unamlisha nini" nami nimeulizwa. Tumelelewa kumpima mke kwa tumbo la mumewe, tukaja na tabia hiyo mpaka huku, ambako madaktari hawachoki kutuambia kwamba sisi wenye asili ya Bara Hindi kisukari kinatuwahi hata kabla hatujanenepa sana. Hatusikii.

Usinyamaze hata kidogo! Ukiacha kimyakimya, atachomwa dawa ya kushusha sukari ambayo wewe ndiye uliyeipandisha, kisha sukari ishuke ghafla akiwa kwenye usukani na abiria nyuma. Hilo umeliwaza? Mwambie leo, kabla hajakaa mezani. Usimtaje Shagufta wala mama wa kijana, sema ni wewe. Alhamisi nenda naye, umweleze daktari kwa kinywa chako. Na hao waposaji waliokimbia shingo ya baba mtu, shukuru wamekimbia mapema.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba mwanamume huyu alifaulu, nawe ukamwacha aamini ameshindwa. Miezi hiyo huwezi kumrudishia. Atakasirika, na pengine hatataka tena chakula cha mkono wako. Mwachie jiko. Ajipikie anachokiamini, nawe ukae naye ule anachopika.