Mashabiki Wananishangilia Mimi Kwenye Albamu ya Binti Yangu

Mpendwa Bi Winfrida, pokea salamu kutoka Newala. Nakuja kwako nikiwa na furaha iliyoingia mdudu, na hapa sina wa kumwambia, maana kila ninayemweleza anacheka na kusema, mama wewe una bahati, unalia nini?

Mimi ni mjane, mkulima wa korosho, na kifunguamimba wangu ni Hajira, huyo mnayemwita Hajira Makavu, anayechana mistari ya hip hop, na kama una redio hapo ulipo basi albamu yake ya Ndoo Kichwani umeshaisikia, maana huku haipiti bodaboda bila kuipiga, na hata vijana wa Masasi wanaopenda kututania watu wa Newala kwamba tumezaliwa na kiu sasa wanaiimba kama yao. Mwaka jana alikuja nyumbani na prodyuza wake, kijana mpole anaitwa Dauda, wakanikuta nabangua korosho huku naimba ule wimbo tuliokuwa tunaimba wanawake enzi za kushuka bondeni kuteka maji, tunapanda mlima na ndoo kichwani, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, ili shingo isahau mzigo, na Hajira akaniambia, "Mama, hebu rudia hapo hapo," Dauda akaweka kinasa sauti juu ya kinu, nikarudia, tukacheka, tukala ugali wa muhogo na kisamvu, wakaenda zao, nami sikujua kwamba nimeshaingia kwenye albamu.

Ilipotoka nilijivuna mpaka msikitini wakaniona ninavyotembea. Jirani yangu Naima akawa ananisomea kwenye simu maoni ya watu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu mchambuzi mmoja wa redio ya Dar es Salaam alisema mistari ya Makavu ni ya kawaida tu, kilichobeba albamu ni sauti ya yule mama kwenye wimbo wa saba, ukiisha huo unaweza kuzima, na mashabiki wakadakia, mama atoe albamu yake na binti amwitikie. Nilicheka sana, Bi Winfrida, sitakudanganya, nilijisikia kama bibi harusi. Jioni Hajira akapiga simu.

"Mama, umeyasikia wanayosema?"

"Nimeyasikia, mwanangu."

"Umefurahi?"

"Kwa nini nisifurahi?"

"Mimi nimeandika nyimbo kumi na mbili, mama. Miaka mitatu silali vizuri. Wewe umekaa kwenye mkeka umeimba mara mbili."

Nikamtania, "Na hiyo sauti yako umeirithi kwa nani?"

Kisha akasema, "Haya, mama," akakata, yeye ambaye akiniaga haishi kuniaga, na tangu hapo ananitumia ujumbe tu, umeamkaje, umelalaje, kama anamjulia hali mpangaji.

Sasa kuna tamasha Masasi, na mwandaaji amenipigia mimi, si yeye, anasema bango limetoka na picha yangu ni kubwa kuliko ya Hajira kwa sababu watu wanamtaka mama. Natamani kwenda, kanga nimeshafua, lakini naogopa nitakuwa nimepanda juu ya mabega ya mwanangu, na tena mimi mwenyewe wimbo wa saba huwa nauruka, nausikiliza wa tatu, ule anaoeleza alivyomuuguza baba yake pale hospitali ya Ndanda, namna alivyokuwa anamchania taratibu sikioni ili asisikie maumivu, nikiusikia huo kazi yote naiacha. Nisaidie, nipande jukwaani au niseme naumwa?

Mama Hajira, Newala

*

Shikamoo, Mama Hajira.

Kwanza hongera. Furaha uliyoipata ni halali yako, na anayetaka uione aibu mwambie ashuke bondeni akapande na ndoo yake. Usiniletee habari ya kusema unaumwa. Uongo huo Hajira ataujua kabla hujamaliza kukohoa, na utamuumiza mara mbili: atajua umemwonea huruma.

Sasa nikugombeze kidogo, uniwie radhi. Binti amekupigia akiwa na jeraha, wewe umemjibu kwa utani wa urithi! Umemwambia kwamba hata kile kidogo walichomwachia wachambuzi nacho ni chako. Halafu unaniandikia mimi, mtu baki, kwamba wimbo wa tatu unakuachisha kazi. Yeye umemwambia? Mbona barua yako haisemi?

Albamu nimeisikiliza yote, mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo sina hakika kama yule bwana wa redio alilifanya. Kiitikio chako ni kitamu, mama, nakiri kilinisimamisha jikoni. Lakini ni mistari miwili. Aliyetueleza ndoo ile ilikuwa inampelekea nani maji, na nani alibaki nyumbani akisubiri, ni Hajira. Bila yeye, sisi ambao hatukuteka maji bondeni tungesikia sauti nzuri tu, basi.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, si kesho, mpigie mwanao. Mwambie habari ya wimbo wa tatu kama ulivyoniambia mimi, usiongeze utani. Kisha muulize, "Unataka nipande au nikae chini?" na atakalosema ulifuate bila kununa. Mwandaaji naye mwambie mwenye shughuli ni Hajira, na lile bango alibadilishe. Ukipanda, imba kiitikio chako kwa nguvu zako zote, usijibane kwa unyenyekevu wa uongo, kisha ushuke. Mashabiki wakipiga kelele urudi, wapungie mkono tu.

Bi Winfrida

*

Kwa kuwa tamasha lilikuwa karibu, jibu hili nilimtumia Mama Hajira mapema, na kabla ukurasa huu haujaenda mtamboni alinitumia ujumbe, na ameniruhusu niuweke hapa:

"Bi Winfrida, nilimpigia. Nilipomtajia wimbo wa tatu alilia, nami nikalia, kisha akasema, 'Panda mama, lakini nitangulie mimi.' Alianza na huo huo wa baba yake, uwanja mzima wa Masasi wanaume wakavua kofia. Kisha akaniita, nikaimba, nikashuka, wakaniita tena sikurudi, nikaenda kusimama mbele kabisa na mashabiki. Nimeandika ujumbe badala ya kupiga kwa sababu sauti imenikauka yote. Nilikuwa namshangilia mwanangu."