Mfereji wa Tatu

Nyakasimbi, Jumatano

Shemeji Gozbert,

Dada yako Kemilembe, mke wangu, alikufa akijifungua, na mtoto naye akafa. Unajua, ulishika jembe ukafukia. Sijui kuanza vingine.

Shikamoo. Ng'ombe wazima? Mama ameanza kula? Mimi nakula. Dada yangu Joanitha anapika ndizi, anaziacha mlangoni. Haingii tena, tangu mlipomwambia msibani ana mikono ya kupikia tu, ya kupiga simu hana. Nasikia Jumapili mnamwita kwenye kikao cha ukoo ajibu kwa nini hakunipigia.

Mimi nilisema simu haikuita, labda mtandao ulikuwa chini. Haukuwa chini.

Nilikuwa kwa fundi Yustus, Omurushaka. Siku zote tunakereza vyuma vya mashine za kahawa. Siku hiyo alifunga mlango kwa ndani. Kuna mtu alileta mtutu wa bunduki, bomba tupu, akataka ukatwe mifereji ndani. Bomba likiwa laini, risasi inayumba. Mifereji ikijipinda, risasi inazunguka, inanyooka. Yustus alilifunga kwenye mashine. Mimi kibarua, navuta fimbo yenye jino la chuma. Inakuja huku inajizungusha, inakwangua kidogo kama unywele. Unafuta, unatia mafuta, unavuta tena palepale. Mfereji mmoja tu unakula muda mrefu.

Tukiwa kwenye wa tatu, simu ikalia mezani, juu ya spana. Yustus akasema Kahigi, simu yako hiyo. Nikamwambia ni Joanitha, huyo hupiga hata chumvi ikiisha, tumalize huu kwanza. Jino likiwa ndani huwezi kuacha, linauma bomba. Lakini shemeji, jino lilikuwa linatoka kila mara. Ningeweza kupokea. Nikarudisha fimbo, nikavuta. Simu iliita mara kumi na moja.

Kumbe hospitali walitaka damu. Yangu inaingia kwake, alipewa mwaka juzi. Kwa bodaboda ningewahi. Mfereji ulipoisha nikapiga. Joanitha alikuwa analia tu.

Msibani mlipomsema nilikuwa nimekaa palepale.

Kwa hiyo Jumapili msimwite yeye. Niiteni mimi, nije na simu, mhesabu wenyewe. Na ukitaka kuja na polisi kwa ajili ya mtutu, njoo. Uko bado kwenye mashine. Mifereji mitatu imebaki.

Msalimie mama, na shemeji Mukashema, na watoto. Joanitha hajui kama nimeandika.

Ni mimi Kahigi. Kesho narudi kazini.