Sululu Wameondoka, Kabaki Kinda

Dada yangu mpendwa,

Kamwene. Najua huko kisiwani hakuna anayekusalimu hivyo, ndiyo maana nimeanza nayo. Sisi hapa Kihesa wazima. Mama naye mzima, na leo amekula. Nakutajia hilo la kula mapema kwa sababu tangu mvua zilipochanganya alikuwa anamega tonge moja tu, ukimwuliza anasema ugali una moshi.

Nimekaa nyuma ya nyumba, pale kwenye jiwe letu la kunolea majembe, nakuandikia. Unajua ukipandisha ndoo ya maji kutoka mtoni, ukiitua mikono haijui pa kwenda? Ndivyo nilivyo tangu juzi.

Unakumbuka shamba la ulezi kule bondeni, tulipokuwa tunaamia ndege? Wewe ulikuwa juu ya dungu, unapiga kelele mpaka ng'ambo ya mto watu wanakuitikia. Mimi nilikaa chini na debe langu bovu na fimbo. Ukisema, "Wale! Piga!" napiga. Sikuweza kupiga kelele hata kwa ndege; nilikuwa naona haya wasije wakanigeukia. Mama alikuwa akitucheka, "Mmoja mdomo, mmoja mikono. Mngezaliwa mtu mmoja ningepumzika."

Korongo tu ndio ulionikataza kuwapigia debe. Walikuja na mvua za kwanza, wakawa wanatembea nyuma ya jembe la Mama kama wazee waliokuja kukagua, wakiokota panzi. Ukaniambia, "Hao waache, hao wageni. Hawali ulezi." Nikakuuliza wakiondoka wanakwenda wapi. "Kwao." Kwao wapi? "Kwao ni kwao tu, usinichoshe, ona kule wanamaliza shamba!"

Baadaye mwalimu wetu wa Kiingereza alituchorea ubaoni njia yao, kutoka kwetu huku mpaka Ulaya, akauliza nani amewahi kuwaona wakiondoka. Mimi niliwahi, nawe, siku wanazunguka juu ya mlima wakipanda, wakipanda, mpaka tukaumwa shingo. Jibu nilikuwa nalo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, yote mawili. Nikaangalia kidawa changu cha wino. Akajibu mwingine, akakosea.

Halafu ukaolewa na Shemeji Athumani, aliyekuwa akishona barazani kwa mjomba wake, Mzee Shomari wa duka la nguo. Baba yake alipofariki akaitwa Mafia kuangalia minazi, nawe ukaenda naye, nami nikatumwa nikusindikize ili usiwe peke yako kwenye ukoo wa watu. Kukusindikiza mimi! Watoto wa kule walicheka Kiswahili changu cha bara mpaka nikawa najibu kwa kichwa. Mama mkwe wako akauliza kwa huruma kabisa, "Huyu mtoto bubu?" Ukamjibu, "Hapana, mama. Anaweka akiba."

Ndipo ukanichukua siku ile maji yamekupwa, tukatembea kwenye matope mbali na nyumba, ukanionyesha ndege waitwao sululu. Wengi sana, midomo yao imepinda kama sindano za kushonea magunia, wanachomachoma tope bila kuinua kichwa. Mama mkwe wako alisema wanajinenepesha kwa safari, masika ikishika wanaondoka kwenda kuzaa kwao, kaskazini. Tuliwaona wakiondoka, Dada. Wana kelele kama watu wanaofunga mizigo, huyu anamwita yule, kisha wakainuka mstari mmoja, na pwani ikawa kimya. Ulishika mkono wangu kwa nguvu. Ukasema, "Na korongo wetu nao watakuwa wanapita juu ya Kihesa sasa hivi. Mama anawaona." Hukulia, lakini mkono wako ulikuwa wa mtu anayelia.

Pale topeni walibaki wachache. Nikaogopa, nikadhani wagonjwa. Mama mkwe wako akacheka. "Hao makinda ya mwaka jana. Hawana nguvu bado. Waache wakue."

Basi, mwaka huu Shemeji alipomwandikia Baba kwamba una mimba, chini kabisa uliniwekea mstari wangu: sululu watakapoondoka ndipo na mimi, nitakuletea habari zao. Nilielewa kuwa ndipo utakapojifungua. Mambo ya uzazi hayatumwi kwa kinywa cha mwanamume, lakini ya ndege yanatumwa.

Mama alikuwa amekwisha kutandika kitanda chako. Uzazi wa kwanza ni kwa mama, nani asiyejua? Tukaambiwa miguu imevimba, mkunga amekataza safari. Kisha mvua ikafunga barabara, malori yakawa yanalala Kitonga kwenye matope. Wewe unajua habari ya dada yake Mama, yule mkubwa aliyefia kwenye uzazi, mbali na kwao. Kila jioni Mama alikuwa anasimama mlangoni anatazama njia ya kushukia Ipogolo. Korongo wakaondoka, shamba likabaki tupu. Mimi nikawa nawaza: na sululu je?

Sasa sikiliza ya juzi.

Nilikuwa nafagia uwanja asubuhi. Akaja Mzee Shomari na wazee wawili, kanzu nyeupe zimeinuliwa kidogo kwa ajili ya matope. Aliponiona akasema, "Wewe ndiye mdogo wake? Jana kijana wetu kafika kutoka kwa Athumani. Dada yako kakuagiza, nami nakufikishia kama nilivyopewa: sululu wameondoka, kabaki kinda mmoja. Mimi maneno ya ndege siyajui. Baba yupo?"

Nikatikisa kichwa. Baba alikuwa kazini, kwenye mashamba ya tumbaku.

"Basi tutamngoja."

Wakavua viatu, wakakaa kwenye benchi, kimya. Nami nimesimama na ufagio. Kabaki kinda! Moyo unataka kutoka kwa masikio, na mdomo umefungwa.

Unaona kilichokuwa kinakuja? Kwao hiyo ni heshima: habari ya nyumba hupewa mwenye nyumba kwanza. Kwetu, wazee watatu wakija pamoja asubuhi, wakamwulizia baba, wakakaa bila kusema, ni kitu kimoja tu. Mama akatoka jikoni na unga mikononi, akawaona. "Shehe, ni kwema?"

"Kwema, mama, kwema. Tunamngoja mzee."

Ikawa imekwisha. Mama alishika kichwa na mikono ile ya unga, akapiga ule ukelele, Dada, ule wenyewe, na akaita jina lako. Nilikuwa sijawahi kusikia jina lako likiitwa hivyo. Shangazi akatoka mbio nyumbani kwake. Jirani yetu Mama Semeni akaruka ua. Kufumba na kufumbua wanawake wanapanda njia na kuni kichwani, na unga kwenye nyungo, kama desturi, kila mmoja analia tangu kwake.

Na Mzee Shomari? Alisimama ametoa macho, akawageukia wenzake, "Lahaula, kumbe hawa wana msiba, nasi tumekaa tu!" Akaanza kumpa Mama pole. "Poleni sana, jamani. Poleni. Hatukuwa na habari." Mama aliposikia pole kutoka kinywani mwake mwenyewe, akaanguka chini.

Watu wote wale, na aliyejua ni mimi peke yangu.

Nitakwambia kweli, kwa sababu wewe hujanicheka hata siku moja. Kwanza nilijishuku. Nikawaza, labda kinda amebaki na mama yake ndiye aliyeondoka. Kisha nikakumbuka: kakuagiza, alisema. Aliyeagiza ana mdomo. Maiti haitumi habari za ndege. Nikamwendea Shangazi, nikavuta kanga yake, nikasema, "Shangazi, amejifungua." Sauti yangu hiyo unaijua. Akanikumbatia akanigandamiza kifuani, "Lia, mwanangu, lia, usijizuie." Nikawa nasema ndani ya kanga yake na hakuna anayesikia, pumzi inaniishia.

Nikachoropoka. Debe letu bado linaning'inia pale ghalani, unalikumbuka, lenye tundu upande. Nikalitungua nikalipiga kwa mpini wa ufagio kama ulezi wote wa Uhehe unaliwa. Nikapiga, nikapiga. Mbwa wakabweka. Watu wakanyamaza mmoja mmoja, wakanigeukia wote, macho yale niliyokuwa nayaogopa tangu dungu la bondeni.

Hapo debe halikutosha. Debe haliwezi kusema jina la mtu.

Nikapiga kelele. "Dada mzima! Amejifungua! Yu hai! Kaniletea salamu!" Sijui nilisema mara ngapi. Mama Semeni anasema nilichanganya na Kiingereza, lakini yule mwongo.

Mzee Shomari akasema polepole, "Naam. Mtoto wa kike. Mama na mwana salama salimini. Si ndiyo habari tuliyoileta?"

Shangazi akamrukia. "Shehe! Sasa si ungesema!"

"Ningesema saa ngapi, mama? Nilikuwa namngoja mzee, mkaanza kulia!"

Mama alikaa pale pale chini, uso mzima una unga na machozi, akacheka kicheko ambacho hakina sauti. Akanyoosha mkono kwangu, si kwa wazee, akasema, "Rudia." Nikarudia. "Rudia tena."

Unga wa msiba haurudi nyumbani ulikotoka, hilo unalijua. Basi ulipikwa wote. Kuni zote ziliwashwa. Ulanzi ukaletwa kwa wanywa pombe, Mzee Shomari na wenzake wakanywa chai, na Baba aliporudi akakuta uwanja umejaa, akasimama njiani hathubutu kukanyaga, mpaka Mama alipomkimbilia. Mama Semeni amenipa jina, ananiita Tarumbeta. Bado naona haya, usidhani nimepona. Jana mwalimu aliuliza swali, nikaangalia kidawa cha wino. Kisha nikainua kichwa, nikanyoosha mkono. Mkono tu kwanza.

Mvua zikikatika Mama atakuja, barabara ikimruhusu, na mimi nimeomba nimsindikize. Safari hii mama mkwe wako asiniulizie kwako, aniulize mwenyewe. Mwambie kinda wetu asiwe na haraka. Mrefushe kwa maziwa, mlaze vizuri, sululu watarudi kumkuta hapo hapo topeni anatambaa.

Kitanda chako Mama amekitandua asubuhi hii. Alikuwa anaimba. Godoro liko juani, nami naliangalia lisije likanyeshewa.

Kaa salama, Dada, na wote wawili mlale.

Ni mimi mdogo wako, mwenye debe.