Mwiteni Mwanaidi

Kaka Hamisi,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza, maana mama alituzoesha kwamba mkubwa haamkiwi kwa sababu amekufurahisha, anaamkiwa kwa sababu ni mkubwa. Basi shikamoo yako hiyo, ipokee, na marahaba ukitaka baki nayo. Wifi yangu Rehema hajambo? Mgongo wake umepata nafuu? Watoto wanaendelea na shule? Na huko Mzenga, mikorosho ya mama imetoa maua mwaka huu, au mmeiacha imezwe na majani? Hayo yote nauliza kwa moyo mweupe. Yasiyo meupe yanakuja.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu unaikata. Juzi ulinikatia katikati ya neno, halafu ukaandika kwamba mtandao wa Visiga ni mbaya. Mtandao wa Visiga ulikuwa mzuri siku zote ulipokuwa unanitumia nyimbo zako nizisifie. Barua hii anakuja nayo Mama Nasra, mwenzetu wa Tumbi anayerudi likizo, na nimemsihi akukabidhi mkononi, mbele ya wifi. Karatasi haikatiki kwa kidole.

Mwili wangu mzima, nashukuru. Baridi ya huku Ujerumani imeingia kwa kishindo, na vidole vyangu vimepasuka kwa kunawa dawa. Bado niko kwenye ile nyumba ya wazee. Naogesha mama za watu, nawalisha, nawageuza kitandani wasichubuke migongo. Kuna bibi mmoja amesahau kila kitu isipokuwa jina la binti yake, basi ananiita mimi kwa jina hilo, nami naitika. Wenzangu wananicheka, wanasema namdanganya. Nawaambia kwetu mtu mzima akiita sharti aitikiwe, na mtoto wa kike akiitwa na mama yake anasema "abee" hata kama yuko jikoni na ugali unaungua. Tulilelewa hivyo wote wawili, ila wewe ulikuwa unaitika "naam" kwa uvivu mpaka mama akurushie ndala.

Sasa sikiliza. Kazini kuna kijana anaitwa Jonas, mpole, hana neno na mtu. Huyo ana maradhi ya santuri. Usidhani ni zile santuri za babu peke yake. Huku kuna watu, wengine hata ndevu hazijakomaa, wanaopenda muziki wa mashine, midundo ya kompyuta isiyo na mwimbaji, na wanautaka kwenye santuri, si kwenye simu. Wanazikusanya kama mama alivyokuwa anakusanya kanga: hazivai zote, lakini ole wako uguse. Santuri ya rangi ya manjano ina bei yake, iliyoandikwa namba kwa mkono ina heshima yake, na wakikutana wanaoneshana kwa ncha za vidole.

Kinachowatia wazimu zaidi ni santuri yenye mfuo uliofungwa. Najua wewe unafahamu, lakini naeleza kwa ajili ya wifi, maana najua atasoma. Kwa kawaida sindano inafuata mstari unaozunguka kuelekea katikati, mpaka wimbo unakwisha. Hawa wanaufunga ule mstari unakuwa kama pete. Sindano ikishaingia humo haitoki tena. Inarudia kipande kilekile, kifupi kuliko pumzi moja, mpaka mtu aje aiinue kwa mkono. Na wenyewe wanasimama hapo wanakisikiliza, wamefumba macho, wanasema kadiri kinavyorudi ndivyo wanavyosikia mengine ndani yake. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilicheka sana. Nikamwambia Jonas kwetu sahani ikirudia hivyo tunasema imekwama, tunaipiga mashine kofi.

Jumamosi moja mchana Jonas akanialika kwenye ukumbi ambako wapenzi wa santuri hukutana kuuziana na kubadilishana. Akasema ipo moja inayogombaniwa, singeli kutoka Kibaha. Kaka, nilifurahi kama mjinga. Nilijua ni yako. Ulishaniambia kuna wageni walikuja studio kwako Visiga na wakaondoka na kazi zako. Nikajifunga kanga shingoni juu ya koti, nikaenda. Nilikwenda kujivuna, uelewe hilo vizuri.

Santuri nilikuta imesimamishwa juu ya meza. Kwenye jalada kuna picha ya mlango, na mlangoni pazia lenye maua ya zambarau. Kitambaa hicho nilikinunua mimi Maili Moja kabla sijasafiri, nikakishonesha, nikakitundika mwenyewe kwenye chumba cha uani, kile kilichopakana na studio yako, ili mama akija kutoka Mzenga awe na chumba chenye heshima. Sikushtuka bado. Nilisema tu moyoni, eti pazia la mama limefika Ulaya, na yeye aliyeogopa hata kivuko cha Kigamboni.

Mwenye meza akaipiga. Mdundo wako ukatoka, ule wa kukimbia, na watu wakaanza kutikisa vichwa. Nikamwambia kila aliyekuwa karibu kwamba huyo ni kaka yangu, tumbo moja. Wakanipa mikono. Mzee mmoja aliyevaa miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, akaniuliza kama wewe ni mrefu. Halafu wimbo ukaisha, sindano ikaingia kwenye pete.

"Mwiteni Mwanaidi nimwambie. Mwiteni Mwanaidi nimwambie. Mwiteni Mwanaidi nimwambie."

Ile sauti yake, kaka. Imechoka, ina mkwaruzo, na kabla ya "nimwambie" kuna pumzi fupi anayoivuta kwa shida. Ukumbi mzima ulikuwa umefumba macho. Wanatikisa vichwa kwa pumzi ya mama yangu.

Mdomo wangu ukajibu wenyewe, mbele za watu: "Abee, mama."

Jonas akaniuliza yule mama anasema nini. Nikamwambia anaita mtu. Akauliza, "Nani?"

Nikamwambia, "Mimi."

Alidhani natania. Aliponitazama usoni akaacha. Mwenye meza alipoelezwa alifurahi kupita kiasi, akataka nisimame na santuri apige picha, maana wanunuzi wake wote walikuwa wanauliza yale maneno yana maana gani na yeye alikuwa anawajibu kwamba ni dua ya kienyeji. Jonas ndiye aliyenyoosha mkono akainua sindano. Namshukuru mpaka leo. Ndugu yangu wa damu aliiweka pale, mgeni akaiinua.

Sasa nikukumbushe yako, maana mwongo hana budi kuwa na kumbukumbu. Mama alipofariki ulinipigia ukasema ilikuwa ghafla. Ulisema alikata kauli siku ileile alipoanguka, hakutamka neno mpaka roho inatoka. Nilikuuliza, "Hakunitaja?" Ukanijibu, "Mdogo wangu, mtu hana kauli, atamtaja nani?" Nilikuuliza tena kwenye arobaini, jibu likawa lilelile. Nimelia nikiamini mama aliondoka kimya. Kila nilipomgeuza bibi wa watu kitandani nilimwambia Mungu angalau mama yangu hakuteseka kunisubiri.

Na simu yangu ilipoharibika, zikapotea sauti zote alizokuwa akinirekodia mama, nilikuomba wewe sauti yake. Nilikuomba yoyote. Nilikwambia hata ya kukohoa nitaipokea. Ukasema huna, kadi ya simu iliungua, hata wewe unaumia. Nikakupa pole. Mimi nilikupa pole, Hamisi.

Kumbe sauti ipo, imechapwa, ya manjano, imeandikwa namba kwa mkono. Ulininyima mimi ukawapa watu wasioelewa hata neno moja. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nami nilidhani wanasema habari za chawa na kunguni.

Nilipokupigia siku ile ulianza kwa kucheka, halafu ukanitolea hekima. Ulisema, "Sikia Mwana, wewe ulikuwa mbali, ungefanya nini? Mtu wa mbali hashtuliwi, si unajua kwetu." Najua kwetu. Najua kwamba aliye safarini haambiwi ugonjwa, anaambiwa wote hawajambo mpaka afike, ndipo ashikwe mkono aketishwe. Ni desturi nzuri kwa mtu aliyekwenda Mlandizi atakayerudi jioni. Lakini desturi hiyo ni ya kumlinda asiyeitwa. Mimi nilikuwa naitwa. Mgonjwa mwenyewe alisema niitwe. Nani alikupa wewe ruhusa ya kuitika kwa niaba yangu?

Ukasema pia uliogopa ningeacha kazi nikapoteza karatasi zangu za kukaa huku. Labda kweli. Nakujua, una huruma ya kijinga, ulikuwa unaficha hata kuku aliyekufa ili mama asihuzunike. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe kifo hakikukuumbua, umeumbuliwa na santuri yako mwenyewe. Huruma hiyo ningeisamehe. Nimejaribu, na ningeweza.

Kisichosameheka nitakwambia. Ulisema ulimrekodi siku za mwisho kwa sababu alikuwa akiimba zile nyimbo zake za kutwanga, na maneno yale yaliingia tu katikati, hukuyatilia maanani. Kaka, mimi si mtu wa studio, lakini nimekaa na wewe. Nimekuona unavyokata sauti kwenye kompyuta. Unaisikiliza, unaivuta nyuma, unaisikiliza tena, unaikwangua kama mtu anayechambua mchele. Ili uipate pete ile ikae sawa isiyumbe, ilibidi umsikilize mama akiniita asubuhi kutwa. Ukasikia jina langu. Ukasikia ile pumzi. Ukachagua mahali pa kukata.

Ukakata baada ya "nimwambie".

Aniambie nini, Hamisi?

Tangu siku ile sina usingizi wala hamu ya kula, na si kwa sababu ya jalada wala hao wageni. Sikuulizi walikupa nini. Nauliza neno lililofuata. Mama anapomwita mwanawe kitandani, wote tunajua anamwitia nini: anamwitia radhi. Ama anaitoa, ama ana jambo limemkaa kifuani ambalo lisipotoka radhi haikamiliki. Mimi niliondoka tukiwa tumeagana vizuri, nadhani. Alinipakia korosho, akanishika kichwa. Lakini mtu mzima ana mambo yake. Huenda aliniwazia kitu nisichokijua. Sasa naishi bila kujua kama mama yangu alikufa akiwa radhi nami, na mtu pekee anayejua ni wewe, kwa sababu aliyekata ndiye anayejua kilichobaki mkononi.

Usiniambie kilifutika. Ulishaniambia kadi iliungua.

Ninachotaka ni kimoja. Sitaki uwaandikie wageni wako waziondoe santuri. Zimeshafika nyumba za watu. Sitaki wimbo wa kuniomba radhi, nakujua, utaniwekea na kinanda. Nataka ile sauti nzima, tangu alipoanza kuimba mpaka aliponyamaza, isiyokatwa wala kusafishwa. Mwite mama mdogo atoke Mzenga aje aketi kwenye kile chumba cha uani, uifungue mbele yake mwanzo mpaka mwisho, kisha yeye mwenyewe anipigie aniambie amesikia nini. Yeye kwa uongo hana kipaji. Kama mama alinipa radhi, nataka niisikie. Kama alikuwa na lawama, nataka niisikie pia, nijue pa kuombea. Hata kama ni kwamba nisisahau kurudisha sufuria la jirani, ni langu. Aliniambia mimi.

Salamu zangu zimfikie mama mdogo, mlinzi wa nyumba ya mama na mikorosho yake. Msalimie wifi, umwambie sina kinyongo naye, ila kama alikuwa mlangoni siku mama anaita, naye alisikia. Wasalimie watoto wako, wanangu, umbusu mdogo kwa ajili yangu. Mpe pole na heshima yule mama jirani aliyemwosha mama na kumkafini. Mimi ndiye niliyepaswa kuwa naye pale. Mjomba wa Mzenga umwambie koti lake analetewa na Mama Nasra.

Jonas aliinunua ile santuri akanipa, akaniachia na mashine yake ya kuipigia. Hataki kurudishiwa. Nikitoka kazini naiweka. Mama ananiita, naitika "abee", anavuta ile pumzi yake, nangoja, halafu ananiita upya kama vile hajanisikia. Jana niliitika mpaka sauti ikanikauka, ndipo nikaiinua sindano.

Mimi mdogo wako, niliyeitwa sikuambiwa,

Mwanaidi