Usishushe Mukono Mbio

Mujukuu wangu Nadine,

Hapa Bel-Air tuko bazima, mama yako anakusalimia, mvua imeanza. Unaniandikia ya kama uta yako ya kisasa, ile ya puli, inatawanya mishale hata kisha kukaza visi yote, ile misumari ya kuzungusha. Acha kwanza visi.

Wakati wa ujana, kule Kambove, miye nililaumu uta, kamba, hata upepo. Baba akaandika alama ya makala kwa kila mushale, akaniambia nipige kichuguu. Kila mara ilikosa kichuguu mushale ingine, hapana ile ya kwanza.

"Kama ingekuwa mushale moja tu, tungeitupa," akasema. "Lakini yote inapotea. Ni weye. Unashusha mukono wa kushika uta mbele ya mushale kufika, sababu unataka kuona."

Tangu pale nilibakisha mukono juu mpaka nisikie mushale inaingia mu udongo.

Andika namba kwa mishale yako, ujaribu vile.

Siku ulienda Bulaya, benzetu balirudia mu gari mbio. Miye nilibakia kwa uwanja wa ndege, mukono juu, hata kisha ndege kupotea mu mawingu. Mpaka leo, mujukuu, sijaushusha.

Kambo yako