Sahani ya Nne

Jumapili, 9 Februari

Kwa dada yangu mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama, na nimelitanguliza kabla ya salamu nisije nikaghairi: chakula chako ninakila mimi.

Sasa shikamoo, dada. U mzima? Mgongo je? Sisi huku hatujambo. Mama bado yuko kiwandani, anashona kola za mashati kutwa nzima. Akirudi vidole vimekunjika kama bado vimeshika kitambaa. Bibi anakula vizuri, anatembea mpaka mlangoni na kurudi.

Nakuandikia kwa sababu simu ya mama spika yake imeharibika, sauti haipungui. Ukipiga, nyumba nzima inakusikia, na hili si la nyumba nzima.

Ni hivi. Unajua Bibi ameanza kusahau. Kila jioni anapakua sahani ya nne, anaifunika na sahani nyingine na kuiweka upande ule wa meza ulikokuwa ukikaa. "Ya dada yako, akirudi asilale njaa." Mwanzoni ilikuwa inabaki pale mpaka asubuhi. Mama anakuwa ameshatoka, na mimi ndiye ninayemwona Bibi akiifunua, akiitazama, kisha anakaa palepale mpaka nirudi kutoka shule. Siku moja alipokwenda kulala nikakila chakula chote. Asubuhi akakuta sahani tupu, akacheka! "Alikuja! Kaniacha nimelala, mwizi huyu." Tangu hapo nimekuwa nikikila kila siku.

Mwaka huu tumeanza somo la maadili. Mwalimu tunamwita Kwa Nini, maana ukimjibu lolote atakuuliza kwa nini. Anasema waliofikiri sana juu ya mema na mabaya wamegawanyika kambi kambi. Kambi ya kwanza inatazama matokeo. Tendo jema ni lile linaloongeza furaha na kupunguza maumivu, ukihesabu kila anayeguswa, na furaha yako mwenyewe isipewe uzito kuzidi ya jirani. Niliposikia hivyo nilifurahi, nikajua nina kwetu. Bibi anacheka, mama hana habari, wewe hupungukiwi kitu. Ni mashavu yangu tu yanayoongezeka. Darasani wameanza kuniita Godoro.

Lakini nimechoka, dada. Nimeshiba na nimechoka. Nikioga, nikisoma, nikipanda kitandani, nasikia bado nina kazi sijaimaliza. Kama tendo ni jema, mbona linachosha hivi? Nijibu ukipata nafasi.

Ni mimi,
Mdogo wako


Alhamisi, 6 Machi

Kwa mdogo wangu Godoro,

Marahaba. Barua imenikuta mzima, ila mgongo si wangu tena, ni wa mwajiri. Kutwa humu kwenye makao ya wazee tunawainua, tunawageuza, tunabadilisha mashuka. Ukimaliza mlango wa mwisho, kengele ya mlango wa kwanza inalia. Barua yako nimeisomea stoo ya mashuka, nikacheka mpaka mwenzangu akaja kuchungulia. "Mchumba huyo?" Nikamwambia ni godoro.

Halafu sikucheka tena.

Umempima kila mtu kwenye mizani yako. Bibi umempima, mama umempima, mashavu yako umeyapima. Mimi umeandika "hupungukiwi kitu". Uliniuliza? Bibi anamfurahia mjukuu anayerudi kila siku akala na kuosha mikono. Mjukuu huyo si mimi. Mimi ni yule aliyeambiwa pale mlangoni, "Nenda kaoshe wazee wa watu. Ukivuka hapa usirudi." Wewe ulikuwa umesimama umeshika begi langu, ulisikia. Bibi amesahau, na wewe unamsaidia kusahau kwa kijiko. Mtenda husahau, mtendwa hasahau.

Sikuhukumu. Kuna mzee hapa, zamani alikuwa fundi wa saa. Ananiita kwa jina la binti yake. Mwanzoni nilimsahihisha kwa upole, "Mzee, mimi ni mhudumu tu." Anatazama ukutani, hataki kula. Siku hizi akiita naitika, "Abee, baba." Anakula. Kwa hiyo mimi nawe ni kitu kimoja, tunaitikia majina ya watu. Kambi yangu mimi ni ya waliochoka. Mwulize Kwa Nini kama anaifahamu.

Msalimie mama. Bibi, usimsalimie. Au msalimie. Fanya utakavyoona.

Dada yako


Jumapili, 23 Machi

Kwa dada yangu,

Shikamoo. Natumai mgongo umepata nafuu. Huku hatujambo, na safari hii nimeandika neno hilo baada ya kulifikiria.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Wiki hiyohiyo Kwa Nini akaingia kambi ya pili, ya wajibu. Hawa hawatazami mwisho wa jambo, wanatazama mwanzo wake. Wanasema kabla hujatenda jiulize: je, ningekubali kila mtu afanye hivi? Na huyu aliye mbele yangu, namheshimu kama mtu, au nimemfanya ngazi ya kupandia niendako? Uongo kwao ni uongo, hata ukiwa na sukari.

Nikanyoosha mkono. Unanijua, sijanyoosha tangu mwaka uanze. Mmoja nyuma akasema, "Jamani, Godoro limeamka!" Nikauliza, "Mwalimu, kama ukweli utamliza mtu ambaye kesho hataukumbuka, una kazi gani?"

Akasema, "Na uongo utakaomchekesha mtu ambaye kesho hataukumbuka, una kazi gani?" Halafu, "Kwa nini unauliza?"

Nikasema, "Basi tu, mwalimu."

Jioni ile sikula. Asubuhi mama alikuwa ameshatoka. Bibi akafunua sahani.

"Hakuja," akasema.

"Hakuja, Bibi. Hajarudi tangu aondoke. Chakula nilikuwa nakila mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Ndiyo maana mashavu hayo."

Nilicheka, dada, nikadhani yamekwisha. Yeye hakucheka. Alitazama mlango muda mrefu, akaunyooshea kidole. "Nilimwambia neno baya pale. Nilimwambia asirudi." Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Niliogopa. Nilijua naanza kupotea, nikawaza, akienda huyu nani ataniosha? Mwambie. Nani atamwambia?"

Akalia. Nami nikalia, na shule sikwenda.

Mchana maneno yalikuwa yameshamtoka, lakini kilio hakikumtoka. Alikuwa anafuta macho na kuniuliza, "Nani amekufa?" Namjibu hakuna aliyekufa, Bibi. Baada ya kitambo, "Nani amekufa?" Jioni akapakua sahani nne.

Nilidhani nikisema kweli nitakuwa mwepesi. Sikuwa. Najiuliza hata kama ile kweli niliisema kwa ajili yake, au nilimfanya Bibi ngazi ili nipate maneno ya kukuletea. Basi nimekuletea. Ameomba uambiwe, nami nimekuambia.

Mdogo wako


Jumapili, 4 Mei

Kwa dada,

Shikamoo. Sijapata jibu. Labda barua imepotea, labda umechoka, labda nimekukosea. Yote matatu nayaelewa.

Bibi sasa haendi tena mpaka mlangoni. Anashika meza ndipo asimame. Sahani ya nne ananiagiza nipakue mimi, na jicho lake haliondoki. "Ongeza. Dada yako hashibi haraka."

Mama nilimweleza yote. Alikuwa anavua viatu. Hakushtuka hata kidogo. "Nilijua," akasema. "Unadhani nani anaosha sahani nyumba hii? Godoro?" Kumbe jina hilo limemfikia. Nikamwuliza, basi kipi ni sawa, nile nikae kimya, au nisile niseme? Akasema, "Mwanangu, mimi nikirudi hapa sina nguvu ya uongo wala ya ukweli. Ngoja nioge."

Alipotoka kuoga akaja mezani, akafunua sahani yako mbele ya Bibi, akatugawia wote watatu. "Hiki ni cha mwanangu. Hayupo, tumsaidie kula."

Bibi akauliza, "Akija je?"

"Akija tutapika kingine."

Bibi akafikiri, akala. Halafu mama akamwuliza ulivyokuwa mdogo, Bibi akasimulia ulivyoficha viatu vya babu ili asiende kazini. Nilikuwa sijawahi kuisikia. Siku hizi ndivyo tunavyofanya kila jioni. Hakuna anayedanganywa na hakuna anayelia, ila wakati mwingine Bibi anashika tonge hewani akitazama mlango, nasi tunamngoja.

Kambi ya tatu, anasema Kwa Nini, haiulizi ufanye nini. Inauliza unakuwa mtu wa namna gani. Ukarimu, ujasiri na kiasi ni kama ufundi, havikai kichwani mpaka mkono urudierudie. Nilimfikiria mama na kola zake. Kuna pia kambi nyingine, ya makubaliano. Wao wanasema tukae pamoja tupange kanuni za kuishi kabla mtu hajajua atazaliwa nani, mwenye nguvu au wa kuinuliwa kitandani, anayeondoka au anayebaki. Hapo nilifunga daftari. Nilijiona mimi ndiye Bibi, halafu wewe, halafu mama, na kila nilipobadilisha kiti kanuni ilibadilika.

Sikuombi urudi. Nataka tu ujue kwamba mlangoni hakuna tena mtu wa kukuzuia, na kwamba Bibi anapungua.

Mdogo wako


Jumatano, 21 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Barua zako zote mbili zilifika. Ile ya Machi nilikaa nayo mfukoni mwa aproni mpaka ikafuliwa pamoja nayo. Miaka yote hii nilikuwa nimemshikilia Bibi kwa neno lile, na wewe ukaniandikia kwamba lilikuwa woga. Ukizoea kubeba mzigo, ukitua unayumba.

Fundi wa saa amefariki. Binti yake alikuja siku ya pili, bado amevaa viatu vya safari. Alinikuta natoa mashuka. Akaniuliza, "Aliwahi kuniita?" Ningeweza kusema lolote. Nikamwambia, "Alikuita kila siku, nami nilikuwa naitika." Akanishika mkono, na nikaona hajui anishukuru au anipige. Mimi pia sikujua ninastahili lipi. Tulisimama hivyohivyo.

Sitaki kusimama hivyo mlangoni kwetu, na mtu mwingine akitoa mashuka.

Nimepewa likizo. Nitapanda gari Ijumaa, tarehe 13 Juni, na Mungu akipenda Jumamosi jioni nitakuwa huko. Kwa mama nitajieleza mwenyewe nikifika. Bibi usimwambie. Gari si langu, barabara si yangu, na sina hakika na miguu yangu ikifika pale mlangoni. Sitaki awekewe ahadi nyingine kwa jina langu. Niahidi.

Dada yako


Jumamosi, 14 Juni, jioni

Kwa dada,

Shikamoo. Barua hii haina stempu. Kama unaisoma, umeikuta juu ya mto wako, na hali zetu umeziona mwenyewe. Kama huisomi, nitaitoa kesho.

Asubuhi Bibi aliniuliza, "Dada yako anakuja lini?" Ameuliza hivyo tangu mwaka jana, na nilikuwa na jibu kila mara. Leo ndiyo siku ya kwanza neno "leo" lingeweza kuwa kweli, na leo ndiyo siku niliyoahidi kutolisema. Nikazipitia kambi zote pale nimesimama na kikombe. Hakuna iliyonisogelea. Bibi akasema, "Umekuwa kiziwi?"

Nikamwambia, "Bibi, nisaidie kutandika kitanda cha dada."

Hakuniuliza kwa nini. Nilimshika kwapani tukaenda hatua kwa hatua. Nilitandaza shuka, naye akakaa ukingoni akachomeka pembe moja, ile aliyoweza kuifikia. Akaitoa, akaichomeka upya. "Ilikuwa haijakaa," akasema. Akaupiga mto mara mbili. Kisha akachoka, nikamrudisha.

Mama amerudi kutoka kazini. Tumepakua sahani nne. Aliponyoosha mikono kufunua ya kwako atugawie, nikasema, "Mama, leo tuiache."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

Amenitazama sana. Ameosha mikono, amekula. Bibi amekula nusu yake, sasa amelala kwenye kiti na hataki kupelekwa kitandani.

Nimefagia njia ya mlangoni. Nimesogeza viatu vyetu upande mmoja ili vyako vipate nafasi. Nimeondoa komeo. Nikimaliza mstari huu nitaiweka barua juu ya mto, nitarudi mezani, nitakaa mbele ya sahani yako. Imefunikwa. Nina njaa, na sijaigusa.

Mdogo wako